Batani Iliyolamba Kidole cha Syokau

Mimi sikuambiwa na mtu. Nilikuwa hapo Salama, kwa barabara ya Mombasa, kwa macho yangu mawili, na kama ningekuwa na la tatu pia lingeona. Watu wa Kitui wanaisimulia hii kitu kama ni ya kwao, watu wa Nuu wanasema iliwatokea wao, na kuna mwanaume mmoja hapa stage anaapa jini lilikuwa na kwato na koti ya suti. Huyo ni mwongo. Halikuwa na kwato. Nilikuwa karibu nalo kuliko vile wewe uko karibu na pua yako, na harufu yake iliingia kwa duka yangu ya tairi ikashinda harufu ya tairi mia tatu, mpaka tairi mbili zikapasuka zenyewe kwa kuchukia.

Mwongeli ni mtoto wa dada yangu Syokau. Wanakaa wote wawili kwa zile vyumba ziko nyuma ya duka yangu, na kazi ya Mwongeli ni kusoma maandishi ya watu na kuyakataa. Usicheke. Unajua ukifungua simu unaona batani ya kubonyeza, pahali pa kuandika jina, menyu ya kuchagua? Hizo vitu hazioti kama nyasi, kuna watu wanazitengeneza. Mwongeli na mwenzake Mulinge wa huko Nuu walitengeneza furushi lote la hizo vitu, wakaliita Kyondo, yaani kiondo, wakaliacha wazi kwa mtandao kama kisima cha kijiji. Mtu yeyote achote bure aweke kwa programu yake. Na mtu yeyote akiona ufa, alete udongo azibe. Watu wanaleta udongo kutoka Brazil, kutoka India, kutoka pahali hata mimi sijafika, na mimi nimefika karibu kila pahali.

Sasa mtu akileta, kazi yake inasomwa mstari kwa mstari ndio iingizwe. Na Kyondo ilikuwa na sheria moja tu. Isomwe na watu wawili. Mwongeli akisema sawa na Mulinge hajasema, hiyo kitu inalala nje.

Mimi darasa la saba niliacha, si kwa ujinga, ni mwalimu alikuwa ananiogopa. Lakini hata mimi najua sheria ya watu wawili iliwekwa kwa sababu.

Hii shida yote ilianza na kidole cha Syokau. Dada yangu amelima na kusuka viondo tangu akiwa mtoto, na kidole chake gumba cha kulia kilikuwa kigumu kama ukwato wa punda. Ungeweza kuzima jiko nacho. Simu haikuwa inakisikia. Anabonyeza, simu inanyamaza. Anabonyeza tena, simu inanyamaza. Basi alijifunza kukilamba kwanza, anatoa ulimi, analamba kidole, ndio anabonyeza, na skrini yake ilikuwa imejaa mate kila saa. Mwongeli alikuwa anamkasirikia mwaitu, yaani mama yake.

"Mwaitu, wacha kulamba. Hiyo simu imeshikwa na kila mtu kwa kwaya."

"Ongea na simu yako," Syokau anamwambia. "Mimi kidole changu hakina makosa."

Yeye ni sekretari wa kwaya. Mwongeli alikuwa amemtengenezea programu ya kuweka alama ni nani amekuja mazoezi, na ndani yake alitumia Kyondo. Kwa hivyo Mwongeli aliandika pale kwa mtandao, dunia yote isome: tuna shida ya vidole vikavu, vya watu wa shamba, nani ako na dawa? Miaka miwili watu wanaleta, yeye na Mulinge wanakataa. Hakuna iliyofanya kazi.

Siku ile ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, jua la kuchemsha chai kwa kiganja. Mulinge alikuwa hapatikani, mtandao wa Nuu ulikuwa umeanguka siku ya tatu. Mwongeli ameketi kwa laptop, shuka imefunika dirisha, na ujumbe ukaingia kutoka kwa mtu hajawahi kumwona. Hakuwa na picha. Pahali pa jina paliwekwa nukta moja.

Aliandika neno moja. Hodi.

Sasa hapa ndio makosa yetu sisi watu wa huku. Mtu akisema hodi, unajibu kabla hujainua kichwa. Utaangalia ni nani baadaye, akiwa ameshaketi na kikombe mkononi. Mwongeli alilelewa hivyo, na kila mgeni wa Kyondo, awe wa Brazil awe wa wapi, alikuwa anamjibu maneno hayo hayo. Akaandika: Karibu sana, ingia, hapa ni kwako.

Nukta ikajibu: Nimesikia shida ya vidole vikavu. Nimeleta.

Ilikuwa batani moja. Mistari mia nane. Mwongeli akasoma ya juu, ikawa safi kama sahani ya mgeni. Akaijaribu na kidole chake. Ikajibu kabla hajagusa. Akavaa glavu yangu ya kubadilisha tairi, ile nene, akabonyeza, na ikajibu. Akachukua hata kijiti cha mahindi. Ikajibu.

Alipaswa kungoja Mulinge. Lakini mama yake alikuwa hapo nje kwa mlango, ametoa ulimi, anajaribu kuweka alama ya watu wa soprano. Mwongeli akamwangalia, akaangalia laptop. Akaipitisha peke yake. Akaweka jina la Mulinge pia, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo na Mulinge hangekataa, kwa vile alivyojiambia.

"Mwaitu, fungua tena hiyo simu. Usilambe."

Syokau akabonyeza kikavu. Batani ikaitikia. Akabonyeza tena, akacheka kama msichana, akaanza kuweka alama hata kwa watu wamekufa.

"Imenisikia," akasema. "Mwongeli, hii kitu imenisikia."

Mwongeli alilia kidogo. Mimi nilimwona, hata kama atakataa.

Jioni, wakati Mwongeli alichukua ile simu aiweke kwa chaji, ilikuwa imelowa.

"Mwaitu, nilikuambia usilambe."

"Sijalamba."

Akaipanguza na kitenge. Yale maji yalikuwa yanavutika. Yaliinuka na kitenge kama uzi, yakakatika, yakarudi kwa skrini. Yalikuwa na harufu ya maziwa ya mtoto yakiwa yamekaa shingoni mwake siku mbili. Akaipanguza mara ya pili, na pahali pale pa batani pakalowa tena chini ya macho yake, polepole, vile ulimi wa mbwa unatoka akiwa amelala.

Kesho yake watu wakaanza kuandika. Walikuwa wamechukua Kyondo mpya, na wote walisifu. Mmoja alisema baba yake mzee sasa anaweza simu. Mwingine akasema batani yenu haichoshi. Halafu mmoja akaandika, batani yenu ni tamu. Mwongeli akafikiri ni lugha ya vijana. Akashusha ukurasa. Tamu, aliandika mwingine. Tamu, tamu sana, mama hataki kuiacha. Kulikuwa na watu kumi na saba na walikuwa wameandika tamu, na hakuna hata mmoja alikuwa anamjua mwenzake.

Chini kabisa nukta ilikuwa imeandika: Nipe funguo niwe mwenye nyumba na nyinyi. Funguo ni ile ruhusa ya Mwongeli na Mulinge ya kuingiza kazi. Na pia: Vidole viko vingapi?

Hapo ndio alisikia baridi, na jua lilikuwa la saa sita.

Siku ya tatu Syokau hakusuka. Kiondo chake kilikaa sakafuni nusu, nyuzi za katani zimetawanyika. Mwongeli akamwuliza kwa nini.

"Katani inaniuma."

"Katani? Wewe?"

Mama yake akaficha mkono kwa leso. Mwongeli akauvuta. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo na jeki mkononi, nikaona nikatamani nisingezaliwa na macho. Kile kidole cha ukwato wa punda kilikuwa laini. Kilikuwa cheupe na kilichovimba na chenye mikunjo kama kitu kimekaa ndani ya mdomo wiki nzima, hakuna sugu, hakuna mistari, ukucha umebaki kipande kidogo kama ganda la dengu, na kilipoguswa kilikuwa kinateleza. Nzi walikuwa wanakuja mpaka karibu, wanakinusa, wanarudi. Nzi wa Salama, watu wangu. Nzi wamezaliwa nyuma ya butchery. Wanarudi.

"Mwaitu, tangu lini?"

"Haiumi," Syokau akasema kwa sauti ndogo. "Inaninyonya tu. Inanyonya vizuri." Na mkono ule mwingine ulikuwa unatafuta simu.

Mwongeli akaichukua ile simu akaifungia kwa sanduku. Tukarudi tukakuta dada yangu ameketi mbele ya sanduku, amebandika kidole kwa mbao, na mbao imelowa.

Akina mama wa kwaya wakaja kuomba. Wakaombea mlangoni, kwa sababu ndani hakukuwa na pumzi. Mbinya, yule kiongozi wao, mwanamke anaweza kuimba mpaka mabati yatetemeke, alifika mstari wa pili wa wimbo akafunga mdomo akaenda kutapika kwa tairi yangu ya lori. Akarudi akamaliza maombi, mimi namheshimu kwa hiyo. Lakini kidole kilibaki vile kilikuwa.

Mchana huo Mulinge akapiga simu. Mtandao ulikuwa umerudi Nuu, alikuwa amefungua Kyondo, na amekuta jina lake mwenyewe pahali hakuliweka.

"Mwongeli," akasema. Hakuwa anapiga kelele, na hiyo ndio ilikuwa mbaya. "Ulisoma hii kitu?"

"Nilisoma."

"Ulisoma yote?"

Lori moja likapita barabarani.

"Nilisoma juu."

"Na mimi? Mimi nilisoma lini?"

"Mulinge, mama yangu anaisha."

Mulinge akasema, "Nimejaribu kuitoa mara nne. Naitoa, nikiangalia tena iko. Hapa nyumbani nikifungua laptop mbuzi wa susu wanalia. Susu ameniuliza ni nini. Nimemwambia. Amesema anakuja."

Susu yake, yaani nyanya yake, ni Kanyiva, mwanamke mfupi wa miaka kama mia moja na arobaini, anafuga mbuzi huko Nuu na anajua mambo ya zamani. Alifika kesho yake saa tano na mkebe wa majivu chini ya kwapa, amekasirika, kwa sababu ilikuwa siku yake ya kuosha mbuzi dawa ya kupe. Akanusa mlangoni akatema mate chini.

"Mnakaa ndani ya hii?"

Syokau akageuza uso. "Sitaki uganga. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Mimi pia. Naimba alto. Sikuja kukuganga, nimekuja kutoa mgeni. Kanisa lenu halitoangi wageni?" Akaketi kwa debe, akamwangalia Mwongeli. "Nani alimkaribisha?"

"Mimi, susu."

"Ulimwuliza ni wa nani?"

"Hapana."

"Ulimwambia nini?"

Mwongeli akasema polepole, "Nilimwambia hapa ni kwako."

Yule mzee akashika paji la uso. "Mwiitu, msichana wewe, hata mbuzi ukinunua sokoni unauliza ametoka kwa boma ya nani." Akaweka mkebe chini. "Basi atatoka na mzigo wake. Kile alileta, kitasomwa chote, kwa sauti, na yule alikataa kusoma. Na mwenzako asikie. Mlisema watu wawili, watakuwa wawili."

Mulinge alikuwa amesimama juu ya jiwe huko Nuu kutafuta mtandao, tukamweka kwa spika. Mwongeli akafungua ile mistari mia nane, akaanza.

Mistari ya kwanza ilikuwa maneno ya kompyuta tu, rangi, upana, pahali pa kukaa, na Mulinge anasema "sawa" huko, na Kanyiva anatikisa kichwa kama anayeelewa. Mia moja. Mia mbili. Ilipofika mstari wa mia mbili na kitu Mwongeli akasimama.

"Endelea," Kanyiva akasema.

"Susu, hapa hakuna maandishi ya kompyuta tena."

"Kuna nini?"

"Jina la mwaitu."

Na lilikuwa hilo tu, kutoka hapo mpaka chini, mistari mia sita ya Syokau Syokau Syokau, bila nukta, bila nafasi, na ilibidi alisome, na kila mara akilitaja dada yangu kule kwa kona anavuta pumzi ndani kwa meno kama mtu ananyonya uboho kwa mfupa, na ile harufu ya maziwa yaliyooza ikapanda kutoka kwa kibodi, na vibonye vikaanza kulowesha vidole vyake mpaka vikawa vinateleza akishusha ukurasa, na mdomo wake ukaanza kujaa mate ambayo hayakuwa yake, ya uvuguvugu, yenye nywele ndani, anatema kwa sufuria anaendelea, anatema anaendelea, Mulinge huko kwa spika anasema sawa, sawa, sawa kwa sauti ya mtoto, mbuzi wanalia nyuma yake, na mimi nikishika mlango usifunguke ingawa hakuna mtu alikuwa anausukuma, na jua hapo nje ni la saa saba na watu wanakunywa soda barabarani, hata hawajui, mpaka mstari wa mwisho, na ukaisha.

Pale chini pakaandikwa peke yake: Funguo.

"Mwulize sasa," Kanyiva akanong'ona.

Mwongeli akapanguza mdomo na mkono. Akaandika: Wewe ni mtoto wa nani?

Nukta ikajibu: Wa hapa. Ulisema ni kwangu.

"Nilisema bila kukujua," Mwongeli akasema kwa sauti, na akaandika vile vile. "Sasa nimekusoma yote. Naondoa ile karibu. Toka."

"Toka," Mulinge akasema kutoka kwa jiwe.

Wakaitoa, wawili, yeye huku na Mulinge kule, na mara hii haikurudi. Ile simu ndani ya sanduku ikaanza kutapika. Mimi ndio nilifungua sanduku, hakuna mwanaume mwingine angeweza. Lita ishirini zilitoka kwa simu ya ukubwa wa sabuni. Ute wa kijivu, mzito kama uji wa wimbi uliokaa, na ndani yake kulikuwa na kucha, vipande vya sugu vilivyolainika, nyuzi za katani, na meno madogo ya maziwa kama mchele. Kanyiva akamwaga majivu juu, akakoroga na mti, akanibebesha ndoo. Nikaivusha mpaka barabara ya Mombasa nikaimwaga mbele ya lori la simiti. Mbwa wa butchery walikimbia mpaka Emali, na mmoja hajarudi.

Kanyiva akanawa, akaomba chai, akasema chai yetu ni maji tu, akaenda kwa mbuzi wake.

Sasa Mwongeli bado anasoma kazi za watu hapo nyuma ya duka. Mulinge alikaa wiki mbili bila kuongea na yeye, halafu akasamehe, lakini sasa hakuna anayeweza kuandika jina la mwenzake. Mgeni akisema hodi kwa Kyondo anaulizwa kwanza yeye ni nani na ni wa nani, na kuna Mhindi mmoja alijibu akataja ukoo wake mpaka babu wa sita. Wale watu kumi na saba waliandikiwa waitoe, wakaitoa. Na kidole cha Syokau kikaota ngozi tena, sugu ikarudi, akamaliza kile kiondo, ukiingia kwa duka yangu kimening'inia hapo kwa msumari.

Mwongeli yuko nyuma na anasikia vile nasimulia, kwa hivyo wacha ninyooshe pahali pamoja. Mbwa walikimbia, ile ndoo niliibeba, meno niliyaona. Hiyo yote ni kweli. Ya kidole kupona ndio nilitunga. Kile kiondo kwa msumari alikimalizia Mbinya. Kidole cha dada yangu hakijaota kitu, na simu hana tena, tulimnyima. Jana alikuja akaketi hapa dukani na mimi, mzuri tu, tunaongea mambo ya mvua, na katikati ya maneno akaweka kidole juu ya meza yangu akabonyeza mara moja, polepole, akatabasamu. Alipoenda nilipitisha kitambaa pale. Kilitoka na mate.